Goti Nililolificha

Goti langu la kushoto lina kovu upande wa ndani, urefu wake ni kama kidole cha shahada. Kwa miaka mingi waliolijua ni mama yangu, mume wangu, na mkunga aliyenikanda nilipokuwa mzazi. Watoto walisikia habari zake kwa ufupi tu: kwamba mama yao alipokuwa msichana alifanyiwa operesheni ya goti, akapona. Hadithi ilikuwa fupi hivyo, na aliyeifupisha ni mimi mwenyewe.

Leo naiandika kwa urefu wake kwa kuwa akina mama wenzangu wa darasa la Jumamosi wameniomba. Kila darasa linapokwisha tunaonana jinsi tunavyoinuka mkekani: huyu anashika ukuta, yule anashika bega la jirani, mwingine anajifanya anatafuta viatu ili asubiri maumivu yapungue. Mimi nilikuwa bingwa wa kutafuta viatu.

Mwaka 1996 nilikuwa na umri wa miaka 19. Tulikaa orofa ya pili katika nyumba ya Mji wa Kale, hapa Mombasa, yenye ngazi za mbao, nyembamba na za wima kama zilivyo nyingi za nyumba zile. Siku ambazo mfereji haukutoa maji tuliyapandisha kwa ndoo. Nikiwa na ndoo mkononi nilimpisha ami yangu aliyekuwa akishuka. Mguu ulibaki umeganda kwenye kidato, mwili ukageuka. Nilisikia kitu kikilia ndani ya goti kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Kesho yake goti lilikuwa limevimba mfano wa dafu, na uvimbe ulipopungua ikaonekana kwamba haliwezi tena kunyooka. Lilinasa, kama mlango ulioingiliwa na kokoto chini yake.

Nilichuliwa kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu kwa muda wa wiki tatu. Mchuaji alikuwa mwanamke mwenye mikono ya huruma na sina neno baya juu yake, lakini kilichonasa hakikunasuka. Mwishowe nilipelekwa hospitali nikapasuliwa. Nilipozinduka niliambiwa kwamba kilichoharibika kimetolewa na kwamba nitatembea. Na kweli nilitembea. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kuwa hakikutolewa kipande kilichopasuka peke yake, kilitolewa chote. Nilipewa magongo, nikapewa vidonge, nikaambiwa nipumzike. Zoezi hata moja sikufunzwa. Hilo ndilo ninalolisikitikia hadi leo, kuliko hata kisu chenyewe.

Kitu chenyewe ni nini? Ndani ya kila goti, baina ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi, mna vipande viwili vya gegedu, kimoja upande wa ndani na kimoja upande wa nje. Vimepinda kama mwezi mwandamo, na jina lake la kitabibu, meniskasi, limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mwezi mchanga. Ncha ya mfupa wa paja ni ya mviringo, na sehemu ya juu ya muundi ni bapa. Kitu cha mviringo kikikaa juu ya kilicho bapa hugusana nacho mahali padogo tu, na uzito wote hulemea hapo. Meniskasi hulijaza pengo hilo na kuueneza uzito. Bibi wa zamani walilielewa jambo hili bila kusoma udaktari, kwani hapakuwa na aliyejitwika mtungi bila ya kata, ile pete ya nguo iliyosokotwa na kuwekwa utosini. Meniskasi ndiyo kata ya goti. Mguu ukiwa umenyooka hubeba takriban nusu ya uzito unaopita gotini, na goti likikunjwa hubeba zaidi ya hapo. Kata ikiondolewa, mtungi hauanguki siku hiyo. Ni utosi unaoumia, polepole.

Madaktari wenyewe walichelewa kulikubali hili. Mwaka 1883, mjini Edinburgh, Thomas Annandale aliishona meniskasi ya mchimba migodi badala ya kuitoa, lakini njia yake haikufuatwa. Mwaka 1897 bingwa wa London, John Bland-Sutton, aliieleza meniskasi kuwa ni mabaki ya msuli yasiyo na kazi, na kwa miaka mingi baada yake iliyopasuka ilitolewa yote bila majuto. Kisha mwaka 1948 daktari Fairbank, Mwingereza, akachapisha aliyoyaona katika picha za eksirei za watu waliotolewa meniskasi: nafasi baina ya mifupa imepungua, ncha ya mfupa wa paja imesawazika, na ukingoni pameota mfupa mpya. Nilipotajiwa mwaka huo nilihesabu kwa vidole. Karibu miaka 50 ilikuwa imepita kabla ya zamu yangu kufika.

Hata hivyo kwa miaka 20 na zaidi goti halikunisumbua sana. Nikaolewa, nikazaa watoto watatu, nikapanda na kushuka ngazi zilezile. Lilianza kulalama mwezi wa Ramadhani wa mwaka 2018, usiku wa kumi hivi wa tarawehe. Kikao cha tahiyatu kilikuwa kizito kuliko sijida, na kuinuka kulikuwa kuzito kuliko vyote. Asubuhi goti lilikuwa limejaa maji na lina moto. Nilijitibu kwa barafu na kwa kunyamaza.

Kunyamaza kulihitaji ustadi. Nyumbani niliswali chumbani, mlango nimeurudisha, ili nishike kitanda ninapoinuka. Jikoni niliwaachia mabinti mbuzi ya kukunia nazi, nikisema sasa ni wakati wao wa kujifunza, ilhali ukweli ni kwamba kiti kile cha chini kilikuwa kikinitesa. Katika kupanda ngazi nilituama orofa ya kwanza kuulizana hali na jirani ambaye sikuwa na haja naye. Masikini, alidhani ninampenda sana. Msikitini, sehemu ya wanawake, viti vipo vinne karibu na mlango, lakini niliviona kuwa ni vya vikongwe, na mimi nilikuwa na miaka 41. Kwetu mwanamke husifiwa kwa wepesi. Sikutaka kuwa mtu wa kuinuliwa.

Nilikwenda kwa daktari kwa siri. Alitaka picha ya eksirei ipigwe nikiwa nimesimama, na hili naomba mlikumbuke akina mama, kwa sababu goti likipigwa picha mtu akiwa amelala huenda lisionyeshe jinsi mifupa ilivyokaribiana. Langu lilionyesha. Upande wa ndani mifupa ilikuwa karibu kugusana. Halafu akachukua utepe wa kupimia akanipima mapaja, kwanza kulia kisha kushoto, akanionyesha tofauti yake. Paja langu la kushoto lilikuwa limesinyaa na sikuwahi kuliona, kwa maana nani hutazama mapaja yake yote mawili kwa pamoja? Alinieleza kwamba goti lisilokuwa na meniskasi hubebwa na misuli ya paja, na misuli yangu ilikuwa imelala tangu nilipokuwa na miaka 19. Nikapelekwa fiziotherapia kwa dada mmoja aliyenifunza kwa subira na kwa staha, nyuma ya pazia. Nikayafanya mazoezi kwa wiki mbili. Kisha wakaja wageni wa Idi, nikayaacha. Sina udhuru mwingine.

Ikawa hivyo hadi Julai 2023. Binti yangu wa pili, aliyekuwa na miaka 17, aliruka kuudaka mpira wa netiboli shuleni akatua kwa mguu mmoja huku mwili unageuka. Aliletwa nyumbani kwa tuktuk, goti lake la kulia limekunjika na halinyooki. Nilipoliona nilijua kabla ya mtu yeyote kusema. Mama yangu alikuwa ameshapasha mafuta.

"Mama, hapana," nilimwambia. "Hili la kunasa halivutwi."

"Wewe si ulichuliwa? Ulikufa?"

Sikumbuki kuwa niliwahi kumkatalia mama yangu kitu cha tiba kabla ya siku ile. Aliirudisha chupa ya mafuta kabatini akakaa kitako akivuta tasbihi, na kwa siku mbili alinijibu kwa neno mojamoja.

Kipimo cha MRI kilionyesha mpasuko mrefu kandokando ya ukingo wa meniskasi ya ndani; kipande kilikuwa kimepinduka kikaingia katikati ya goti na ndicho kilicholifunga. Madaktari huuita mpasuko wa mkono wa ndoo, kwa jinsi kipande hicho kinavyosimama kama kishikio. Niliposikia ndoo nilitabasamu bila ya kutaka. Daktari wa upasuaji, kijana mpole aliyekuwa akiniita mama, alichora duara kwenye karatasi. Damu, alisema, hufika kwenye ukingo wa nje tu wa meniskasi. Sehemu ya ndani haina mishipa, kwa hiyo ikipasuka haiungi. Mpasuko wa binti yangu ulikuwa karibu na ukingo, tena bado mbichi, naye ni mtoto. Ungeweza kushonwa.

Akatuwekea njia mbili mezani. Akikata kipande kilichopinduka, mtoto atatembea baada ya siku chache na atarudi kwenye shughuli zake baada ya wiki kadhaa. Akishona, itakuwa magongo kwa wiki 6 na kifaa chenye bawaba cha kulishikilia goti, kutochutama kwa miezi 4, kutocheza kwa miezi isiyopungua 6. Na si kila mshono hushika, ukikataa itabidi kurudi tena chumba cha upasuaji. Uamuzi wa mwisho angeufanya yeye baada ya kuingiza kamera na kuuona mpasuko wenyewe, lakini alitaka kujua sisi tunaelekea wapi.

Sasa mjue kwamba harusi ya binamu yake ilikuwa baada ya wiki tano. Madera yameshashonwa, sare, na mabinti wamekuwa wakifanya mazoezi ya chakacha tangu mfungo mosi. Jioni ile tulikaa sebuleni, baba yao, mama yangu, mimi na yeye, na binti yangu akazungumza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kufikiri.

"Mama, wewe walikutoa yote na hujambo. Unapanda ngazi, unaswali, unatembea kwa miguu mpaka Makadara. Mimi watakata kidogo tu."

Mama yangu akaunga mkono. "Mtoto amesema kweli. Mamake si huyu? Ana nini?"

Sikuwa na jibu la kulitoa mbele yao, kwa sababu jibu nilikuwa nimelificha kwa miaka mitano. Kila nilipourudisha mlango nikaswali peke yangu nilikuwa ninatoa ushahidi wa uongo pasi na kufungua kinywa, na sasa ushahidi ule unatumika kumwamulia mwanangu goti lake. Mume wangu alinitazama. Yeye alijua kidogo, si yote.

Usiku, wakati wa Isha, nilimwita chumbani nikamwambia aketi kitandani. Mlango sikuurudisha. Niliswali kama ninavyoswali nikiwa peke yangu, bila kuuchunga uso. Kwenda sijida nilitanguliza mkono kitandani na mguu wa kushoto nikausukuma kando, maana haukubali kukunjika hadi mwisho. Katika kuinuka nilishika mbao za kitanda kwa mikono miwili, na sauti ikanitoka ambayo kwa kawaida huimeza. Rakaa nne. Nilipotoa salamu nilimkuta ameinama, amejishika magoti.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa darasa la sita."

Nikamwonyesha kovu, nikamwonyesha na paja lililopungua. Nilidhani atalia anikumbatie, kama ilivyo katika hadithi. Alikasirika. Aliuliza kwa nini nilimwachia akune nazi miaka yote hiyo huku nikisema ni mafunzo, kwa nini alinicheka siku niliyochelewa kushuka garini na mimi nikacheka naye. Akaondoka. Siku ya tatu alikuja jikoni akiruka kwa mguu mmoja, akasema washone, lakini kwa masharti mawili: harusini atakwenda hata kwa magongo, na mimi nitarudi kwenye mazoezi niliyoyaacha. Hilo la pili lilinishtua kuliko la kwanza.

Isidhaniwe kwamba kila aliyekatwa amekosewa. Iko mipasuko isiyoshoneka, na siku hizi hukatwa kile tu kilichochanika, sehemu nzima inaachwa, kupitia matundu mawili madogo na kamera. Japani ndiko ilikokuzwa kazi hiyo. Mwaka 1962 Masaki Watanabe wa Tokyo alipunguza meniskasi kwa njia ya kamera bila kulifungua goti. Aliyekatwa hivyo leo hayuko katika hali yangu. Bima ililipa sehemu, na sehemu iliyobaki ililipwa na bangili zangu mbili za dhahabu. Daktari alipotoka alisema ameshona.

Nami nikachukua fursa ile nikamwuliza juu yangu: je, hawezi kuniingizia kamera anisafishe goti? Alitikisa kichwa. Kwa goti lililokwisha kulika, alisema, usafishaji hauleti faida inayodumu. Akanisimulia utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2013. Walichaguliwa watu 146 wa umri wa miaka 35 hadi 65, wenye meniskasi zilizochakaa na kupasuka bila ya ajali kubwa. Nusu yao takriban walikatwa meniskasi. Waliosalia waliingizwa chumba cha upasuaji, wakatiwa kamera, yakafanywa yote yanayofanywa isipokuwa kukata, na wenyewe hawakujua. Baada ya mwaka mmoja makundi mawili hayakutofautiana. Shoga yangu mmoja mwenye miaka 52 alikuwa ameshaanza kuchanga fedha za operesheni ya namna hiyo baada ya kuambiwa ana mpasuko. Nilimweleza, akaenda kumwuliza daktari wake tena, na sasa tunafanya mazoezi pamoja. Goti linalonasa lisinyooke ni habari nyingine, hilo lisicheleweshwe.

Nilimwuliza pia juu ya kupandikizwa, kwani nilisikia kwamba tangu mwaka 1984 Wajerumani walianza kumtia mgonjwa meniskasi ya mtu aliyefariki. Kwangu wakati umepita. Hiyo hufaa goti ambalo mifupa yake bado ina utando wake laini. Langu, likizidi, litangoja goti la chuma, na kadiri ninavyoweza kulichelewesha ndivyo bora, maana nalo lina umri wake.

Wiki 6 za magongo katika nyumba ya ngazi za wima si mchezo. Tulimshusha binti kwenye chumba cha orofa ya chini cha mama yangu, na hapo ndipo bibi na mjukuu walipopatana upya. Mama yangu aliambiwa na fiziotherapia aangalie mambo mawili, nayo ni homa yenye wekundu unaoenea kwenye kidonda, na shavu la mguu kuvimba na kuuma, kwani pengine ni damu iliyoganda; likitokea lolote kati ya hayo, hospitali siku hiyo hiyo. Akawa analikagua shavu la mguu la mjukuu wake kila baada ya swala, mara tano kwa siku, kwa miwani. Kuoga kulikuwa na kazi yake: mpaka nyuzi za ngozi zitolewe kidonda kisiingie maji, na katika nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2017, kupata cha kulifunikia goti kulitaka ujamaa na watu wenye kabati za zamani. Juu ya swala na tohara tulimwuliza ustadhi wetu, akatukumbusha habari ya sahaba Imran bin Husain, aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, na jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza aketi, asipoweza alale ubavu. Binti yangu aliketi. Mimi nilikuwa nimelisikia darasa hilo mara nyingi, nikidhani linawahusu wengine.

Na mazoezi yenyewe? Ni madogo kiasi cha mtu kuyadharau, na ndiyo sababu niliyaacha mara ya kwanza. La kwanza tuliliita la taulo. Unaketi mkekani au kitandani mguu umenyooka, unaviringisha taulo chini ya goti, unalikandamiza kwa goti mpaka uone msuli wa juu ya paja unakaza, unahesabu hadi tano, unaachia. Mara kumi, asubuhi na jioni. La pili unalala chali, mguu mmoja umekunjwa, wa pili umenyooka, unauinua huo ulionyooka kiasi cha shibiri mbili, unaushusha polepole. Kushusha ndiko kwenye kazi. La tatu, ambalo kwa binti yangu lilingoja mpaka daktari aruhusu, ni kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu na kukaa tena bila ya kujitupa. Mara ya kwanza niliweza mara tatu. Nilitia mto juu ya kiti kukiinua, na mto ule uliondolewa baada ya mwezi na nusu. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanastahimilika, ila goti likiamka limevimba kesho yake, jana ulizidisha, punguza.

Ngazi zina kanuni yake. Mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mgonjwa hutangulia kushuka. Mama yangu aliifanya kuwa wimbo. Na mkongojo hushikwa kwa mkono wa upande wa mguu mzima, wala si upande wa goti linaloumwa; nilibishana na dada wa fiziotherapia juu ya hili mpaka nilipojaribu mwenyewe.

Mbuzi nilimpelekea seremala wa Kibokoni nikamwomba ampachike miguu mirefu. Alicheka, akasema hajawahi kuona mbuzi wa namna ile, lakini alifanya, na sasa ninakuna nazi nimekaa urefu wa kiti cha kulia chakula. Vidonge vya maumivu ninavitumia kwa siku chache goti likiwaka, kisha naviacha, kwani nina presha, na daktari alinionya kwamba aina nyingi za vidonge hivyo hudhuru tumbo na figo na huipandisha presha yenyewe. Kuhusu uzito sitajisifu. Watafiti wa Marekani walipima wakaona kwamba kila kilo moja anayoipunguza mtu mnene mwenye goti lililolika humpunguzia goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua. Nimepunguza kilo sita. Zingekuwa tisa, ila Ramadhani ina kaimati.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni bahari. Sisi wanawake wa pwani tunaitazama kutwa na hatuingii. Jumapili mbili kwa mwezi, maji yakiwa yamejaa na watu bado hawajafika, tunakwenda wanne na nguo zetu za stara, tunatembea ndani ya maji ya kiunoni kwenda na kurudi. Maji huubeba mwili, goti likapumzika huku msuli unafanya kazi. Mara ya kwanza nililia kidogo, kwa sababu nilikuwa nimesahau ladha ya kutembea bila kuhesabu.

Harusini binti yangu aliketi, magongo yamelazwa chini ya kiti, kifaa cha goti kimefichwa na dera. Wenziwe walipoingia na chakacha alipiga makofi hadi ngoma ya tatu, kisha akaniomba nimpeleke nje apate hewa. Tulikaa kwenye baraza. Hakusema kitu, nami sikumwambia kwamba tulifanya vyema, kwa kuwa wakati ule hatukujua kama mshono utashika.

Umeshika mpaka sasa. Baada ya miezi 8 daktari alimruhusu kurudi netiboli, kwanza mazoezi tu, baadaye mchezo. Goti lake hulia kidogo anapochutama, na bado kuna mguso upande wa ndani siku za baridi ya kusi. Yeye husema ni kidogo. Mimi humtaka anieleze kidogo hicho ni kiasi gani. Kuhusu mimi, siku njema ninasujudu chini kwa taratibu, siku mbaya ninakaa kwenye kiti kimoja kati ya vile vinne karibu na mlango. Mwezi uliopita msikiti umeongeza viti vingine viwili, na vyote huwa vina watu.

Kila baada ya Alfajiri, binti akiwa nyumbani, tunatandika mkeka mmoja sebuleni. Mama yangu hukaa kwenye kochi na tasbihi yake, na ndiye anayetuhesabia, maana anasema sisi tunaiba. Jana nilimwomba mara kumi. Alifika kumi na tano ndipo akanyamaza.